Bara Jipya Lenye Harufu ya Karafuu

Tangu juzi usiku siwezi kumtazama mama mkwe wangu usoni, na yeye, kwa ukarimu wa watu wa Pemba usiokuwa na mwisho, hajanihukumu kwa neno hata moja. Ila kila apitapo karibu na meza yangu ya kompyuta hulaza kichwa begani, namna ya mtu anayetaka kusoma maandishi yaliyopinduliwa, kisha huenda zake jikoni akicheka ndani ya kanga. Katika chama chetu cha wachezaji, ambacho watu wake wametawanyika tangu Porto hadi Helsinki, nimevishwa cheo ambacho sikukiomba: naitwa Gavana wa Wete. Mfini mmoja, ambaye hadi juzi hakujua kwamba duniani kuna mahali paitwapo Wete, sasa huniamkia kwa cheo hicho kila niingiapo mchezoni, na hulitamka jina lenyewe vizuri kiasi cha kuudhi.

Kisa ni ramani. Lakini ramani ile ilikuwa bidhaa ya soko, na asiyelijua soko lenyewe hawezi kupima ukubwa wa hasara.

Mchezo ni World of Warcraft, ambao ulianza kuuzwa Novemba 2004, na ambao kufikia Oktoba 2010 kampuni inayoutengeneza ilitangaza kuwa una wachezaji wanaolipa zaidi ya milioni 12. Dunia yake huitwa Azeroth, na dunia hiyo ina tabia ambayo dunia yetu haina: kila baada ya miaka miwili hivi huota nchi mpya. Bahari ambayo jana ilikuwa tupu leo ina bara. Ukungu ambao jana haukupenyeka leo umetanzuka, na nyuma yake lipo taifa zima, lenye lugha, bendera, wafalme, mapishi na ugomvi wa miaka elfu kumi, ambalo kwa muda wote huo hakuna baharia hata mmoja aliyepata kuligonga kwa bahati mbaya. Nyongeza hizo huuzwa, na mwenye kutaka kuvuka hulipa nauli. Ya kwanza ilitoka Januari 2007, na ya kumi, The War Within, ikatoka Agosti 2024.

Kati ya nyongeza na nyongeza ipo miezi ya ukame, ambapo mashujaa wamekwisha kuua kila kilichostahili kuuawa na vingi visivyostahili, nao hukaa katika viwanja vya miji juu ya vipando vyao vya thamani, wakiulizana: tutapelekwa wapi tena? Katika swali hilo imezaliwa elimu kamili, yenye wanavyuoni wake, madhehebu yake, mashahidi wake na matapeli wake. Mnamo Novemba 2023, huko Anaheim katika jimbo la California, elimu hiyo nusura ipigwe kabari, maana Chris Metzen, mmoja wa waasisi wa hekaya za mchezo huo, alipanda jukwaani akazitaja nyongeza tatu kwa mpigo, The War Within, Midnight na The Last Titan. Na aliyekwisha kuambiwa chakula cha leo, cha kesho na cha kesho kutwa hana tena sababu ya kuchungulia jikoni. Kwa muda kidogo wanavyuoni waliduwaa. Kisha wakafuta machozi, wakaanza kuibashiri ya nne.

Namna wanavyobashiri ni jambo ambalo mimi, hata katika fedheha hii, siwezi kulisimulia bila ya kustaajabu. Wazee wetu walitufundisha kwamba habari haina thamani mpaka ijulikane sanad yake: nani kaipokea kwa nani, na je, huyo wa kwanza alikuwa mkweli, na je, aliwahi kukutana na wa pili. Sifananishi mambo matukufu na mchezo wa majoka, hasha. Nasema tu kwamba vijana wa Ulaya na Marekani, ambao hawakupata kukaa mbele ya mwalimu yeyote wa pwani hii, wameifikia kanuni ile ile kwa miguu yao wenyewe, na fununu isiyo na sanad huitupa kwa dharau ambayo kadhi angeifurahia.

Dalili iliyo juu ya dalili zote ni alama ya biashara. Kampuni haithubutu kuuza kitu kwa jina ambalo mwingine aweza kulinyakua, basi hulazimika kulipeleka jina hilo mapema kwa msajili. Na daftari la msajili wa Marekani li wazi kwa kila mwenye macho. Tena jina haliandikwi peke yake, huandikwa pamoja na madaraja ya bidhaa, na madaraja hayo ndiyo yanayowatoa watu usingizini: la 9 ni programu za kompyuta, la 16 ni vitabu na karatasi, la 28 ni vikaragosi na michezo ya mezani, la 41 ni burudani. Jina likionekana katika daraja la 16 pekee, hicho ni kitabu cha hadithi, watu huendelea kulala. Likionekana katika la 9 na la 41 kwa pamoja, taa huwashwa katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa hila huzaa hila, yako makampuni, na Apple imejulikana sana kwa jambo hili, ambayo hulikimbiza jina kimyakimya hadi Jamaica, kwa sababu Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 humpa mwenye kuomba usajili katika nchi moja mwanachama muda wa miezi sita wa kuuomba kwingineko, akihesabiwa kana kwamba alifika kote siku ile ya kwanza. Hebu fikiri, ewe msomaji: mataifa yaliyokutana Paris katika zama za magari ya farasi, yakashauriana juu ya chapa za mvinyo na vitambaa, na matunda ya shauri lao ni kwamba karani mmoja wa Kingston aweza kujua jina la simu mpya kabla ya dunia nzima, wala asiambiwe hata ahsante.

Uzuri wa elimu hii ni kwamba hata ikikupa ukweli mkononi, waweza kuukataa. Mwaka 2011 wapekuzi wa daftari waliliona jina Mists of Pandaria, limeandikwa wazi na kampuni yenyewe. Ikazuka ikhtilafu kubwa. Wapo waliosema hii ndiyo nyongeza. Lakini jamhuri ya wataalamu ilipinga kwa hoja nzito, kwamba Pandaria ni nchi ya panda wanaotembea kwa miguu miwili na kunywa pombe, na panda hao walizaliwa kama mzaha wa Aprili Mosi mwaka 2002, basi haiwezekani kampuni yenye akili zake kuwatoza watu fedha kwa ajili ya mzaha. Bila shaka hicho ni kitabu cha picha, au vikaragosi. Oktoba mwaka ule ule panda wakatangazwa jukwaani kwa ngoma na filimbi, na Septemba 2012 wakauzwa, nao wataalamu wakanunua.

Baada ya daftari huja wachimbaji. Hao ni watu ambao, kampuni ikitoa toleo la majaribio, hawachezi. Huufungua mchezo kutoka tumboni na kuyasoma mafaili yake moja moja, wakitafuta jina la mnyama asiyejulikana, au muziki usio na mahali pake, au mti ambao haujapandwa popote. Kampuni, ilipogundua kwamba inasomwa matumbo, ikaanza kuyafunga mafaili mengine kwa ufunguo, na wachimbaji, badala ya kukata tamaa, wakaanza kupima ukubwa wa kisichofunguka na kukisia kilichomo. Lakini wakati mwingine siri huvuja mlangoni pasipo mchimbaji. Aprili 2022, siku chache kabla ya tangazo rasmi, neno Dragonflight lilionekana katika maandishi ya ndani ya tovuti ya kampuni yenyewe, likisubiri saa yake.

Daraja ya mwisho, iliyo duni kwa sanad na tamu kuliko zote kwa ulimi, ni picha iliyovuja. Mwenye kuileta hana jina. Asema ana binamu afanyaye kazi mahali fulani. Picha ina ukungu. Zaidi ya tisa katika kumi ni uzushi, nami sizitupi hesabu hizo, ila nataka watu wakubali kwamba uzushi nao una ustadi wake. Mzushi hodari haorodheshi mambo mazuri matupu. Hutia jambo moja la kuchukiza, kwa mfano kwamba kabila fulani lipendwalo halitapewa farasi wake, maana husema moyoni: nani atatunga uongo wa kujikosesha raha mwenyewe? Huacha kosa la tahajia. Hutaja mambo mawili ambayo kila mtu alikwisha kuyadhani, akaweka la tatu katikati yake, nalo hupita kwa kuegemea mabega ya wenzake.

Basi ramani ilinijia katika sura ya picha iliyopigwa kwa simu, upande upande, kutoka kwenye skrini ya kompyuta, na katika pembe ya chini kulikuwa na kivuli cha kidole gumba. Kidole hicho ndicho kilichoniteka. Mzushi wa kawaida angalikikata, kwa kuona kinaharibu picha. Huyu alikiacha, nami nikasema, huyu hana nafasi ya kukata, huyu anaiba kwa haraka huku moyo wake ukidunda. Ramani ilionyesha nchi ndefu, ufuko wake wa magharibi umenyooka kwa kiasi, na ule wa mashariki umekatikakatika kwa ghuba, hori, mikono ya bahari na visiwa vidogo visivyohesabika. Katikati palisimama mlima wa moto. Karibu na pwani ya mashariki palikuwa na kisiwa kilichoandikwa kuwa gereza la jitu la kale, na juu yake, upande wa kaskazini, bandari kubwa ya taifa lisilojulikana.

Wenzangu chamani walicheka. Mfini akasema ramani hiyo imechorwa na mtoto. Hapo ndipo ghera iliponipanda, nikaandika risala.

Niliiandika kwa Kiingereza kizuri, ikawa ndefu kuliko ilivyoombwa, maana haikuombwa. Nilieleza jinsi bandari ile ilivyokingwa na upepo, na kwa nini wafalme wa taifa lile wasiojulikana walifanya vyema kuijenga pale. Nilieleza uhusiano wa mlima wa moto na riwaya za kale za Azeroth. Lakini nguzo ya risala ilikuwa pwani ya mashariki. Nilisema kwamba mkono wa binadamu, uchorapo pwani kutoka kichwani, huwa mvivu: huchora ghuba tatu au nne za kulingana, kisha huchoka na kunyoosha mstari. Pwani hii haikuchoka mahali popote. Kila hori lilikuwa na hori ndani yake, kila kisiwa kilikuwa na sababu ya kuwa pale kilipo, na mtu mmoja aliyekaa chumbani hawezi, hata akikesha mwaka mzima, kuibuni kutoka hewani pwani yenye ukweli kama huo. Hoja hii naisimamia hadi leo, na ningependa anayenicheka anionyeshe neno lililo potofu ndani yake.

Wakaanza kuamini. Mwanamke wa Porto, ambaye ndiye kiongozi wetu na ambaye haamini upesi, alisema risala imemgusa. Mdachi akaitafsiri kwa ajili ya nduguye. Mfini peke yake alishikilia uasi wake, tukawekeana dau la dhahabu milioni moja ya mchezo, mbele ya mashahidi.

Juzi, saa nne ya usiku, chama kilikutana kwa sauti na picha ili niifafanue ramani sehemu kwa sehemu. Mama mkwe alikuwa amefika Tanga mchana ule kwa boti, amekuja kutazamwa macho, na kwa desturi yake hawezi kulala katika nyumba ambamo mtu yu macho bila ya kitu mdomoni. Basi akaja na kahawa na kashata, akaviweka kando ya kibodi, akasimama nyuma yangu. Mimi nilikuwa katika maelezo ya gereza la jitu. Akasimama kitambo. Akalaza kichwa upande wa kushoto. Kisha, hakuridhika, akainama mpaka ushungi ukagusa meza.

"Mwanangu," akasema, "mbona Pemba mmeipindua kichwa chini?"

Nikamwambia kwa adabu, "Mama, hii ni Azeroth."

"Naona. Lakini ni Pemba." Na kwa kidole kile kile ambacho mchana daktari wa macho alikuwa amekitumia kupima uoni wake, akaanza kusoma kutoka juu kwenda chini. "Hapa Mkoani, nilipopandia boti. Hapa Chake. Hapa Wete. Huku chini Kigomasha, kwenye mnara wa taa. Na hiki mlichokiandika maandishi mengi ni Misali, alipokuwa akivua marehemu baba yenu." Kidole kikarudi katikati, kikasita juu ya mlima wa moto. "Huu sijui mmeutoa wapi. Hapa ni shamba la karafuu la kaka yangu."

Kinasa sauti kilikuwa wazi. Hakuna aliyefahamu Kiswahili, lakini majina ya mahali hayahitaji mkalimani, na kimya kilichofuata kilikuwa ni kimya cha watu wanaochapa herufi. Nikasikia vidole vya Mfini, ninavyovijua. W, E, T, E. Kisha kikasikika kicheko ambacho nilidhani hakina mwisho, na kwa kweli hakijaisha. Mwanamke wa Porto, kwa kunionea huruma, aliuliza kama pengine kampuni yenyewe ndiyo iliyoichukua Pemba na kuigeuza. Mama mkwe, alipoona watu wa mbali wanafurahi, akadhani wamefurahi kuiona nchi yake, akawapungia mkono.

Msiniulize kwa nini mimi, mwenye kuishi ng'ambo ya mkondo, niliyeoa kisiwani na kuvuka mara nyingi, sikuitambua. Pemba mimi naijua kwa upande wa gati, na kwa harufu ya karafuu zilizoanikwa barabarani, na kwa kichefuchefu cha mkondo. Haijapata kunitokea kuitazama kwa jicho la ndege, tena ndege arukaye chali.

Lakini kuna jambo ambalo kicheko chao hakilifuniki, nami nimelilalia siku hizi bila ya kupata usingizi mzuri. Ramani ile ilizunguka kwa majuma. Iliangaliwa na watu ambao wanaweza kukwambia umbo la herufi fulani lilianza kutumika katika toleo gani la mchezo. Watu ambao, wakiona mti, husema mti huu umechukuliwa kutoka nyongeza ya mwaka 2010 ukapakwa rangi. Iliangaliwa Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi, Marekani. Ingalikuwa Sicilia iliyopinduliwa, ingalitambulikana kabla ya kahawa kupoa. Ingalikuwa Ireland, mtoto wa shule angalicheka. Mzushi alijua anachokifanya. Aliifungua ramani ya dunia hii tunayoishi, akatafuta pwani ya kweli ambayo hakuna mtu wake yeyote angeijua, na kidole chake, kile cha gumba, kikatua kwetu. Kisiwa chenye watu zaidi ya nusu milioni, ambacho wanajiografia wa Kiarabu walikiita Jazira al-Khadra tangu kale, kwa walimwengu kilitosha kabisa kuwa nchi isiyokuwapo. Mdachi, alipotaka kunifariji, alisema: kwani nani anaijua? Nilimjibu kwamba mama mkwe wangu anaijua, na watoto wake saba, na walionunua karafuu ya Zanzibar kwa karne mbili bila ya kuuliza imechumwa wapi, maana sehemu kubwa ya karafuu hiyo imechumwa Pemba. Sikucheka niliposema hayo, na mazungumzo yakapoa.

Tena mzushi mwenyewe alikuwa mvivu, maana alipokwisha kukiiba kisiwa alikitia mlima wa moto na gereza la jitu, mambo ya dukani, asijue kile alichokuwa amekalia. Angaliuliza, angaliambiwa habari za Pujini, upande wa mashariki, yalipo magofu ya ngome ya Mkame Ndume, mtawala ambaye jina lake lenyewe husemwa kuwa ni la mkamuaji wa watu, na ambaye katika hekaya za kisiwani aliwalazimisha raia zake kubeba mawe ya ngome huku wakijiburura kwa makalio. Angalionyeshwa kisima chake, ambacho husemwa alikigawa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane wakati wa kuteka maji. Angalisikia habari za popo wakubwa wa msitu wa Ngezi, ambao asili yao ni Pemba na hawapatikani kwingineko, na za mchezo wa ng'ombe, ambao wengi husema ni masalio ya Wareno, unaochezwa bila ya kumwua ng'ombe. Sijui nyongeza gani kati ya hizo kumi ina kisima chenye ukuta wa wivu.

Na wala wazushi wenye mikono si waovu peke yao. Siku hizi ziko mashine zisomazo mazungumzo ya wachezaji na kuyageuza kuwa makala, bila ya mtu kuzigusa, na watu hulipwa kwa matangazo yaliyo pembeni. Mnamo Julai 2023 wachezaji wa mchezo huu huu, walipochoshwa na wizi huo, walikubaliana kushangilia kwa pamoja ujio wa kitu kiitwacho Glorbo. Glorbo hakuwa mnyama, wala mahali, wala chakula, hakuwa chochote. Walisema wamemsubiri miaka mingi. Mashine ikala chambo, na makala ikatoka, yenye kichwa cha habari na aya zake, ikiwaarifu walimwengu kwamba wapenzi wana furaha kubwa juu ya Glorbo. Nilicheka sana wakati ule. Sasa nawaza kwamba Glorbo angalau hakuwa na wakwe.

Mengine yaliyonipata katika kuzifuata fununu ni madogo. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika karibu na Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania ikazimia, na mimi nikabaki na nusu ya orodha iliyovuja, nusu ile isiyokuwa na kichwa. Usiku mmoja nilipiga kelele kwamba mfalme auawe sasa hivi, na asubuhi mjumbe wa nyumba kumi akaja kuuliza, kwa upole, mfalme yupi. Benki fulani ilikataa kulipia nyongeza niliyoiagiza kabla haijatoka, kwa maelezo kwamba bidhaa hiyo haipo, na hilo, tukisema kweli, ndilo neno la busara lililonenwa na yeyote katika jambo hili zima.

Dau la Mfini nalilipa kwa samaki, maana katika Azeroth samaki huuzwa sokoni na bei yao haianguki sana. Kila usiku baada ya isha nakaa ufukweni na ndoano, naye hunipitia juu ya joka lake kuhesabu kilichobaki. Jana alinisimamisha kazi. Ramani ya pili imetoka, kwa mkono ule ule, na kivuli cha kidole kile kile, akataka rai yangu. Nimeigeuza pande zote nne, nimeilinganisha na Mafia, na Kilwa, na Ukerewe, na visiwa vya Lamu, nimeipeleka jikoni pia, na jikoni wamesema si ya kwao. Mfini anashuku kwamba ni Saaremaa ya Estonia, ila hana uhakika, kwa sababu kwa Saaremaa hupita kwa meli tu, tena usiku. Mimi nashikilia kwamba safari hii ni ya kweli. Tumewekeana milioni nyingine.